Kampuni changa na taka za plastiki: tani zilizookotwa si kipimo kamili

Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilimtunuku mhandisi wa Kenya, Nzambi Matee, kwa kazi ya kampuni yake, Gjenge Makers. Kampuni hiyo huchanganya plastiki iliyotupwa na mchanga, ikaupasha moto mchanganyiko huo na kuushindilia kwa mashine hadi yatoke matofali ya kutandika njia. Habari za namna hii hupokewa kwa shangwe, na ni haki yake. Plastiki ambayo wachakataji wengine huikataa imepata kazi na mnunuzi. Hata hivyo, tukizipima kampuni changa kwa tani walizookota tu, tunaliacha swali zito zaidi: baada ya kampuni kufanya kazi yake, je, ipo plastiki mpya ambayo haikulazimika kutengenezwa?

Nauliza hivyo kwa sababu ya ukubwa wa mzigo wenyewe. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, mwaka 2019 dunia ilitumia tani milioni 460 za plastiki na kuzalisha taka zake tani milioni 353. Zilizorejelezwa, yaani zilizochakatwa zikatumika upya, ni asilimia 9 tu. Mambo yakiendelea yalivyo, matumizi yatakaribia kuongezeka mara tatu ifikapo 2060. Kampuni inayookota tani elfu moja inasafisha mitaro na kulisha familia nyingi, na hilo si dogo kwa wanaoishi karibu na jalala. Ila kiwanda kinachomimina plastiki mpya hakisikii chochote.

Wanaotetea urejelezaji wana hoja nzito. Palipokosa mnunuzi wa plastiki chakavu, huchomwa hadharani au huishia baharini. Tena si plastiki zote zinazoshuka hadhi. Chupa ya maji ya PET, ile plastiki angavu ya chupa za vinywaji, inaweza kuwa chupa tena, na Umoja wa Ulaya umetaka chupa hizo ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa kuanzia 2025. Nchini Ufaransa, kampuni ya Carbios imetengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kinachoivunja PET hadi kwenye viini vyake vya awali, kiasi kwamba hata vyombo vya rangi na nyuzi za nguo vinaweza kutoa malighafi iliyo sawa na mpya. Huo ni ugunduzi wa kweli, nami ningependa kuuona ukifaulu.

Tatizo ni kwamba urejelezaji wa kawaida ni wa kuyeyusha, na kila unapoyeyusha, minyororo ya molekuli hufupika na plastiki hudhoofika. Chupa huwa uzi wa zulia, na zulia huishia jalalani. Tofali nalo ni kituo cha mwisho. Halirudi kuwa kifungashio, kwa hiyo kifungashio cha kesho kitatengenezwa upya. Vipakiti vidogo vya sabuni vyenye tabaka mbili tatu za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, karibu hakuna mashine inayovitenganisha kwa faida.

Halafu kuna bei, na hapa ndipo kampuni nyingi changa huzama. Bei ya plastiki mpya hufuata bei ya mafuta na gesi. Ikishuka, wanunuzi huiacha ile iliyorejelezwa, kwa sababu hii ina gharama ya kukusanya, kuchambua, kuosha na kusaga ambayo haishuki pamoja na mafuta. Umincorp ya Uholanzi, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, ilichambua plastiki kwa kimiminika chenye sumaku kulingana na msongamano wake, yaani uzito wake kwa ujazo uleule. Teknolojia ilifanya kazi. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ilifilisika. Anayeamini kwamba ubunifu peke yake utatuokoa auangalie mfano huo kwa makini.

Kampuni za kutumia tena chombo kilekile zinalikabili tatizo mapema zaidi, kabla taka haijawa taka. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa Algramo ya Chile, iliyoanzishwa na José Manuel Moller mwaka 2013. Moller alianza na dhuluma ya bei: asiye na fedha ya kununua chupa kubwa hununua kipakiti kidogo, na kwa kila gramu hulipa zaidi kuliko mwenye nacho. Algramo ikaweka mashine za kujaza sabuni kwa kiasi anachotaka mteja, katika chupa yenye chipu inayomtambua na kumtunzia salio lake. Kipakiti kinaondoka na bei inashuka kwa pamoja. Ni nadra kukuta mpango wa mazingira ambao maskini anafaidika nao siku hiyohiyo anaponunua.

Lakini njia hii ni ngumu. Loop, mpango wa kuuza bidhaa katika vyombo vya kurudisha uliozinduliwa 2019 na kampuni ya Marekani ya TerraCycle, ulipata washirika wakubwa wenye fedha, na bado majaribio yake katika maduka ya Tesco nchini Uingereza yalimalizika 2022. Chombo lazima kirudi, kioshwe na kisafirishwe tena, na mteja lazima aache amana, fedha anazorudishiwa akirejesha chombo. Kikirudi mara chache tu, chombo kizito kinaweza kudhuru mazingira kuliko chepesi cha kutupwa, kwa kuwa nishati na maji vilivyotumika havijafidiwa. Wakosoaji wanaolisema hili hawana hila, na kampuni inayoficha idadi ya mizunguko ya vyombo vyake haistahili mtaji.

Kinacholeta tofauti ni sheria. Ujerumani ilianza kutoza amana kwa chupa na makopo ya kutupwa mwaka 2003, na leo zaidi ya asilimia 95 hurudishwa. Mwaka 2023 iliwalazimisha wauzaji wa chakula cha kubeba kutoa pia chaguo la chombo cha kurudisha. Wateja wengi waliendelea kuchukua cha kutupwa, kwani hakikuwagharimu zaidi. Mji wa Tübingen ulikuwa tayari umetoza kodi ya senti 50 za yuro kwa kila kifungashio cha kutupwa tangu 2022, na Januari 2025 Mahakama ya Katiba iliihalalisha. Kampuni ya vyombo vya kuazima inayofanya biashara chini ya kodi kama hiyo inashindana kwa usawa. Isiyo na kodi hiyo inasukuma gari mlimani.

Kwa hiyo, kama ningepewa nafasi ya kugawa fedha za umma, sehemu kubwa ningeipeleka kwa vituo vya kuoshea vyombo na chupa za umbo moja zinazotumiwa na kampuni nyingi. Linaloninyima usingizi ni waokotaji. Makadirio ya taasisi ya Pew ya 2020 yanasema wao ndio hukusanya takriban asilimia 60 ya plastiki inayorejelezwa duniani, wengi bila mkataba wala glavu. Chupa zikipungua majalalani, mapato yao yatapungua kwanza, kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Kazi za kukusanya, kukagua na kuosha vyombo zitakuwepo. Hadi sasa ni sheria chache mno zinazosema kwamba waokotaji ndio wapewe kipaumbele.