Wao wanaweza kuililia nchi yao

Jirani yangu wa chini hapa Leipzig, Ujerumani, mzee wa miaka sabini na kitu, kila Jumamosi akiosha vyombo anaweka santuri ya bendi ya City, Am Fenster, nyimbo ya 1977, tena ile ndefu ya dakika kama 17, fidla inalia mpaka unasahau kuwa hawa ni watu wa roki. Fidla ikipanda anafunga mfereji asikilize. Mwanzo ikinikera, siku hizi nafungua dirisha.

Nchi ya nyimbo ile haipo tena, Ujerumani Mashariki imekufa tarehe 3 Oktoba 1990. Na mzee hasemi ilikuwa pepo! Yeye ndo aliyenihadithia habari za Renft, bendi ya hapahapa Leipzig, 1975 wakaitwa na wakubwa wakaambiwa nyinyi kama bendi hampo tena, mwaka uliofuata mmoja wao na mtunzi wao wa mashairi wakatiwa ndani. Yote anayajua na bado anaulilia ujana wake. Wajerumani wa Magharibi wanawacheka watu kama yeye, kweli, lakini hapana anayemwita msaliti.

Sasa njoo kwetu. Mie mtoto wa Michenzani, Unguja, nimekulia kwenye majumba waliyotusaidia kujenga hawahawa Wajerumani Mashariki, na thubutu ukae barazani useme umeikumbuka zamani. Hujamaliza kauli ushaulizwa zamani ipi, ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 au ya baada, na babu yako alikuwa chama gani. Mtu kaikumbuka redio ya asubuhi tu na sauti ya bibi yake, keshageuzwa Hizbu, mtu wa chama kilichopinduliwa.

Najua watakaokuja, "ushakuwa Mjerumani wewe, unatudharau". Simdharau mtu wallahi. Hapa Leipzig, mtaa wa Grünau, majumba kama yale mengi wameyavunja, yetu yamesimama na watu wamo, nikiyaona roho yangu inatulia. Mwengine atasema natetea serikali iliyofunga wanamuziki, jamani si nimeshasema walifungwa, rudi juu usome. Nataka mtu aukumbuke utoto wake bila ya kuulizwa nasaba, basi, hilo ndo kubwa mno?

Juzi nimeirikodi ile fidla nikamtumia mama. Akanipigia, "hii taarab ya wapi mwanangu?" Nikamwambia ya nchi iliyokufa. Akanyamaza. Halafu nikamsikia anainuka, anakwenda kufunga mlango, ndo akaanza kunihadithia, kwa sauti ya chini, nyumbani kwake mwenyewe.