Laptopu ya Mtumba, Ipige Windows Mwenyewe

Laptopu yangu ya kwanza ya mtumba niliitumia wiki tatu nzima kabla ya kugundua kwamba siko peke yangu ndani yake. Kivinjari kilikuwa bado kimefunguliwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali, na usawazishaji umewashwa. Kila nenosiri nililokubali lihifadhiwe lilikuwa likienda kwenye akaunti yake. Huenda hakuliona hata moja, wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisahau tu kujitoa. Lakini usiku ule sikulala mpaka nimebadilisha manenosiri yangu yote. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: laptopu iliyotumika haijawa yako mpaka uifute yote na kuipiga mfumo upya kwa mkono wako.

Nasema kwa mkono wako kwa makusudi. Utaambiwa, "Hii nimeshaipiga Windows mpya, wewe ni kuwasha tu." Wengi wanaosema hivyo ni wakweli, ila hata mkweli hawezi kukuhakikishia faili alilolitumia lilitoka kwa nani. Nakala za Windows zilizokwisha kuvunjwa leseni hupita mikono mingi, na mara nyingi hubeba programu za siri zisizojulikana na fundi wala muuzaji. Ukiona maelekezo yanayokutaka uzime kwanza antivirasi ndipo kazi iendelee, achana nayo hapo hapo.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi leseni hiyo haikuwa na haja ya kuvunjwa. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, watengenezaji wakubwa huandika ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama wenyewe. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 au 11, ukiirudishia toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inausoma ufunguo huo na kujithibitisha ikipata intaneti. Huulizwi chochote.

Kazi yenyewe si ngumu. Flashi ya GB 8, programu ya kuiandaa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, na kompyuta nyingine unayoiamini ya kuiandalia. Kitufe cha kuwashia kwa flashi hutofautiana: F12, F9, Esc, inategemea mtengenezaji. Ukifika kwenye ukurasa wa diski, futa vigawanyo vyote, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, mpaka ibaki nafasi tupu moja. Vyote, pamoja na kile cha D ambacho watu hupenda kukibakiza. Njia ya kurejesha mfumo ukiwa ndani ya Windows ni rahisi zaidi, lakini isipopakua faili mpya hujenga nyumba kwa matofali yaleyale unayoyatilia shaka.

Hapo kwenye diski ndipo wengi hukata tamaa: orodha inakuja tupu, wanadhani diski imekufa. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, kinachokosekana ni draiva ya hifadhi tu, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiona diski. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue kwenye folda ndani ya flashi, kisha uipakie papo hapo. Chukua na ya Wi-Fi pia.

Kuna kitu ambacho hakuna flashi itakayokitibu. Baadhi ya mashine ziliandikishwa na kampuni au shule, na usajili huo hauko kwenye diski. Unamaliza kusakinisha, unaunganisha intaneti, mara skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai anwani yao ya kazini. Nenosiri la BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, nalo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ningependa kila mnunuzi amwombe muuzaji wasakinishe pamoja, kabla ya kumaliza malipo. Akikataa, umepata jibu.

Na kama mashine haina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 hukidai, au prosesa inayokubalika na Windows 11? Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zipo njia za kulazimisha, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Mimi naziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kama diski ni ile ya kuzunguka, naibadilisha kwa SSD kwanza, diski ya kasi isiyozunguka.

Ile laptopu yangu ya kwanza, kabla sijaizima ili nianze, nilifungua folda moja nikakuta picha za mtoto akijifunza kutembea. Nilimpigia aliyeniuzia, amuulize mwenyewe. Jibu lilichukua siku mbili: hakuwa na nakala nyingine. Nikazihamishia kwenye flashi, nikampelekea, ndipo nikarudi kufuta.