Sand Hill Road Ilijengwa kwa Akiba za Wastaafu

Mtu anayepita Sand Hill Road kwa mara ya kwanza, kutoka barabara kuu ya 280 kushuka kuelekea Chuo Kikuu cha Stanford, anaweza kufika mwisho wake bila kujua amepita wapi. Hakuna maghorofa marefu. Kuna majengo mafupi yaliyojificha nyuma ya miti, maegesho ya magari na vibao vidogo. Ni kitongoji cha watu wenye nazo, mji wa Menlo Park, California. Lakini humo ndimo Kleiner Perkins, Sequoia, Andreessen Horowitz na wenzao walipoweka ofisi, wakitoa mitaji kwa kampuni changa na kuchukua hisa. Mwaka 1999, Google ikiwa bado kampuni ya vijana wawili waliotoka Stanford, Kleiner na Sequoia waliingiza dola milioni 25.

Huku kwetu jina la barabara hiyo halikosekani kwenye makongamano ya ubunifu. Tunaambiwa tunahitaji matajiri jasiri kama wale, na majengo ya teknolojia kama yale. Kenya imetenga eneo la mji mzima pale Konza. Mimi naona tumeshika upande usio sahihi wa habari hii, kwa sababu fedha zinazotolewa pale, kwa sehemu kubwa, si za wale waliokaa ofisini. Ni za vyuo vikuu, za taasisi za hisani, na za walimu, mapolisi na watumishi wa umma wanaosubiri kustaafu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Eugene Kleiner, mmoja wa wahandisi wanane waliomkimbia bosi wao mwaka 1957 wakaanzisha Fairchild, kampuni ya vifaa vya kielektroniki, aliungana na Tom Perkins mwaka 1972, wakachukua ofisi namba 3000 barabara hiyo. Mfuko wao wa kwanza ulikuwa dola milioni 8 tu. Don Valentine alianzisha Sequoia mwaka huohuo. Kisha ukaja ukame. Sheria ya pensheni ya Marekani ya 1974 ilimtaka msimamizi wa mfuko awe mtu mwangalifu, na wengi wakaielewa kwamba kila uwekezaji, mmoja mmoja, lazima uwe salama. Nani angethubutu kuweka senti ya mstaafu kwenye kampuni isiyo na hata mteja?

Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilishusha kodi ya faida ya mtaji, yaani faida mtu anayoipata akiuza hisa au mali, kiwango cha juu kikatoka karibu asilimia 49 hadi 28. Mwaka uliofuata Wizara ya Kazi ikatoa ufafanuzi kwamba uangalifu utapimwa kwa kuangalia mfuko wote kwa ujumla. Sehemu ndogo inaweza kwenda kwenye jambo la hatari, mradi iliyobaki imekaa pazuri. Katika miaka ya 1980 fedha zilizoingia kwenye mitaji ya namna hii zilifika mabilioni ya dola kwa mwaka. Ufafanuzi ule wa wizara, ambao hakuna anayeutaja kwenye makongamano, ulifanya kazi ambayo hakuna jengo lingeweza kuifanya.

Ninalolipenda zaidi ni mgawanyo wa kazi. Mfuko wa pensheni hauchagui kampuni. Unachagua meneja wa mitaji, unampa fedha kwa miaka kumi hivi, na yeye ndiye anayehangaika na vijana na mawazo yao. Kwa desturi meneja hulipwa asilimia 2 ya fedha alizokabidhiwa kila mwaka, na asilimia 20 ya faida ikipatikana. Mwanasiasa hana pa kupenyeza kampuni ya shemeji yake.

Sisemi ni mteremko. Kampuni nyingi zinazopewa mtaji hufa. CalPERS, mfuko mkubwa wa watumishi wa California, ulivuna kidogo sana huko katika muongo uliofuata mwaka 2000, hata ukapunguza fungu lake. Wastaafu wake hawakulala njaa, kwa sababu fungu lenyewe lilikuwa dogo.

Sasa tuje nyumbani Tanzania. Fedha za wafanyakazi wetu zimeshajenga mambo makubwa. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilitoa asilimia 60 ya gharama za Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016. Minara pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, pale Dar es Salaam inaonekana hadi baharini. Zege tumelizoea. Kampuni ya kijana wa Mbeya anayetengeneza programu ya kuuza mazao, hiyo bado inamsubiri mzungu.

Na mzungu akija, faida inarudi kwao. Branch, kampuni ya mikopo ya simu iliyoanza Kenya, ilipata Andreessen Horowitz miongoni mwa wawekezaji wake wa mapema. Mama wa Kisumu anakopa na kulipa riba, na sehemu ya faida inaweza kumfikia mstaafu wa Marekani. Sioni dhambi hapo. Nauliza tu kwa nini mstaafu wa Morogoro hayumo.

Najua hofu iliyopo. Baada ya vita ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, iliyomfanya Rais Magufuli asimamishe kanuni mpya mwaka 2018, ukimwambia mwalimu kwamba akiba yake inaenda kwenye kampuni zinazoweza kufa, atakufukuza. Ana haki. Ndiyo maana nasema shilingi moja katika kila mia, isizidi, kupitia mameneja watakaoshindanishwa hadharani, na matokeo yachapishwe kila mwaka yakiwa mazuri au mabaya. Wa kwanza kulijadili wasiwe mawaziri. Wawe wawakilishi wa wafanyakazi waliomo kwenye bodi za mifuko, maana wao ndio watakaoulizwa na wenzao shuleni na hospitalini.