Jina kwenye kitako cha chungu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hanunui chungu bila kukigonga. Tulikuwa tunashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Jumamosi asubuhi mapema, mitumbwi ya kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, inaingia imepakia vyungu mpaka unashangaa mbona haizami, wamama wa Kikisi wanavipanga pale mchangani, na bibi anapita, anainama, anakishika chungu mdomoni kwa mkono mmoja anakinyanyua, alafu anakigonga tumboni kwa kifundo cha kidole anasikiliza. Kikilia vizuri anabaki nacho. Kikitoa sauti iliyokufa anakirudisha taratibu bila kusema neno, maana hapo kuna ufa hata kama jicho halijauona. Na kikifika nyumbani hakipikiwi mboga siku hiyo, kinachemshiwa kwanza uji mwepesi ili kile kinachovuja vuja kizibe, kesho yake ndo kinaanza kazi ya maharage.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya mfinyanzi mmoja, Magdalene Odundo. Kama hili jina hujawahi kulisikia usione aibu, hata mi nimelisikia nikiwa mtu mzima na watoto, na hicho ndo kinaniuma mpaka nimekaa kuandika.

Odundo ni Mkenya, kazaliwa Nairobi mwaka 1950, utoto wake ukapita kati ya Kenya na India, na Mombasa amekaa. Udongo haukuwa mpango wake. Alisomea grafiki na sanaa ya biashara pale Kabete, akafanya kazi ya matangazo, alafu mwaka 1971 akaenda Uingereza, Cambridge, kuendelea na mambo hayo hayo ya grafiki. Huko ndo akashika udongo, na udongo nao ukamshika. Akahamia chuo cha sanaa cha Farnham kusomea ufinyanzi. Leo vyungu vyake viko British Museum, viko Victoria and Albert kule London, viko kwenye makumbusho ya sanaa za Afrika ya Smithsonian Washington, mwaka 2001 akawa profesa, 2018 akawa mkuu wa University for the Creative Arts ambacho ndo kile kile chuo cha Farnham kilivokuja kukua, na 2020 Waingereza wakampa cheo cha heshima cha Dame. Mnadani chungu chake kimoja kimeshapita pauni 200,000. Kimoja, jamani.

Sasa watu wakisimulia habari zake wengi wanapita njia moja: binti kaondoka Afrika, kafika Ulaya kafundishwa, akauchukua ufinyanzi wa kijijini akaufanya sanaa. Mi hiyo hadithi naikataa kabisa, na ukifuatilia maisha yake yenyewe nayo yanaikataa.

Maana akiwa mwanafunzi Farnham, pale ambapo angeweza kutulia na vitabu na mashine za wazungu, mwaka 1974 alifunga mizigo akaenda Nigeria, Abuja. Hii ni Abuja ya zamani, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Kulikuwa na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi, kilianzishwa na Mwingereza mmoja Michael Cardew miaka ya hamsini mwanzoni, na Cardew huyo huyo ndo alimsukuma aende. Ila waliomfundisha kitu chenyewe ni wamama wa Kigwari, kabila la pale, na kati yao alikuwepo Ladi Kwali.

Ladi Kwali alijifunza kufinyanga nyumbani, kwa shangazi yake, alikuwa bingwa wa kazi hiyo kabla Cardew hajamjua, akaingia kituoni 1954, mwanamke wa kwanza pale. Mitungi yao wamama wale walifinyanga bila gurudumu la kufinyangia. Chungu kinakaa chini kimetulia, mtu ndo anazunguka. Anakizunguka amepinda mgongo, anapandisha ukuta kwa mkono, anaongeza kamba ya udongo, anazunguka tena, mpaka mtungi unafika kifuani. Yaani mtu mwenyewe ndo gurudumu. Odundo akakaa pale akajifunza hivo, na mpaka leo vyungu vyake vyote anavipandisha kwa mkono, na hajawahi kuficha kwamba alikaa miguuni pa wale wamama. Baada ya hapo alifika pia New Mexico, Marekani, kijiji cha San Ildefonso, kuona wenyeji wa pale wanavotengeneza vyungu vyao vyeusi vinavyong'aa. Ndo akarudi kumalizia, shahada ya kwanza Farnham 1976, na ya pili Royal College of Art London 1982.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Odundo alikwenda kwa walimu wenye kazi yao, na walimu hao wengi wao hawakuwa na cheti hata kimoja. Cheti kilifuata baadaye.

Kazi yake sasa. Naomba niende polepole hapa maana hapa ndo utamu ulipo. Anaanza na bonge la udongo, analitoboa katikati kwa ngumi, anavuta kuta juu, anaongeza kamba za udongo, anakwangua kwa kipande cha kibuyu. Ndio, kibuyu, kile kile. Chungu kikikauka kauka kinasuguliwa kwa jiwe laini, alafu kinapakwa maji mazito ya udongo mwororo uliochujwa sana, kinasuguliwa tena, tena na tena, kwa siku na siku. Ule mng'ao unaouona kwenye picha ukadhani ni rangi ya dukani au kile kioo cha kwenye vikombe vya chai, sio. Ni udongo mtupu umesuguliwa na jiwe na uvumilivu wa mtu. Ukiendeshwa vibaya ule ukuta mwembamba unapasuka, na kazi ya wiki nyingi imekwisha, ndo maana kwa mwaka vinatoka vichache.

Alafu moto. Moto wa kwanza unapata hewa ya kutosha, na kwa vile udongo una chuma ndani yake, chungu kinatoka chekundu cha machungwa, rangi ya barabara zetu za vumbi. Akitaka kiwe cheusi anakirudisha kwenye tanuri kikiwa kimefunikwa pamoja na takataka za mbao, randa zile za fundi seremala, zinaungua zinamaliza oksijeni, moshi unaingia kwenye ngozi ya chungu, na chuma kile kile kilichokuwa chekundu kinageuka. Sehemu nyingine moshi hauingii sawasawa, kwa hiyo unakuta chungu kimoja kina weusi wa makaa huku na huku kina mabaka ya machungwa kama jua linazama. Mabaka hayo hawezi kuyapanga moja kwa moja, anauandalia moto mazingira alafu anauachia.

Na maumbo! Tumbo limejaa, shingo ndefu inainama kidogo kama mtu anayesikiliza jambo, mdomo umefunguka umetoka kwa pembeni kama kitambaa cha kichwa. Wengine wanaviona vina ndugu na vyungu vya Wamangbetu wa Kongo vile vyenye vichwa vya wanawake. Ulaya wanaandika sana kwamba Odundo ameona mwili wa mtu ndani ya chungu, na mwenyewe analisema hilo, sawa, ila mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Chungu kwetu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Sisi tulishakiita mtu zamani sana. Mara ya kwanza kuona picha ya kazi yake, ilikuwa kwenye simu, usiku, umeme umekatika, nikaikuza ile picha nikajikuta natafuta mahali ambapo bibi angekigonga.

Sasa niseme kilichonileta. Tuna methali: mfinyanzi hulia gaeni. Tumeisema mpaka imekuwa kama sheria, kwamba anayefinyanga vyungu vya watu yeye chakula chake anakila kwenye kigae. Watoto tunawafundisha darasani, wanapata maksi, tunaendelea. Hivi kuna siku tumekaa tukajiuliza kwanini alie gaeni? Nani kamwekea huo utaratibu?

Niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli moja, jina naliacha, mapambo ya pale mapokezi yalikuwa mitungi ya udongo mikubwa mizuri sana. Siku moja mgeni mmoja mama mtu mzima akaniuliza mtungi huu kautengeneza nani. Sikujua. Nikaenda kumuuliza aliyenunua, akasema "ni ya Wakisi", nikamwambia najua ni ya Wakisi, nauliza ni ya nani, akaniangalia kama nimemuuliza jina la mtu aliyepanda mchele wa chakula cha mchana. Bei aliyonunulia aliitaja kwa kujisifu, jinsi alivomshusha yule mama pale ufukweni mpaka akakubali maana jua lilikuwa kali na mtumbwi unataka kurudi. Mi nilinyamaza siku ile na mpaka leo kunyamaza kule kunanikera.

Vyungu vya Odundo ukivigeuza, chini kwenye kitako kuna jina na mwaka, vimechorwa kwenye udongo wenyewe. Odundo, na mwaka. Ni herufi chache tu lakini hizo herufi ndo zinafanya mtu aweze kusema hiki ni cha miaka ya themanini, hiki cha baadaye, hapa alibadilisha shingo, hapa alianza kuinamisha mdomo. Mwaka 2019 walipofanya maonyesho yake makubwa kwenye jumba la sanaa la Hepworth Wakefield kaskazini mwa Uingereza, walikusanya kazi zake zaidi ya hamsini, na yeye akachagua vitu vya wengine viwekwe pamoja navyo, vya kale na vya sasa, vya Afrika na vya Ulaya, wachongaji wakubwa wa kizungu wamekaa meza moja na vyungu vya watu ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Unaweza kufanya hivo kama kuna kumbukumbu. Bila jina, kazi ya mama wa miaka arobaini inakuwa "chungu cha Wakisi" basi, kama vile kabila zima lilikaa likakifinyanga kwa pamoja.

Kuna mtu ataniambia usichanganye mambo, chungu cha Odundo hakipikiwi, kile ni cha kutazamwa, cha bibi yako ni cha maharage. Ni kweli, na sisemi wamama wa Ikombe waache vyungu vya kupikia watengeneze vya mnada wa London. Wengine watapenda, wengine hapana, hilo ni lao. Ila ule ujuzi wa kujua ukuta uwe mwembamba kiasi gani kabla haujaanguka, udongo upi unachanganywa na upi, mvua ikinukia unaweza kuchoma au unasubiri, huo ujuzi ndo ule ule Odundo aliufuata Abuja kwa ndege. Sisi tunao umbali wa mtumbwi mmoja. Na ile kazi ya bibi kwenye chungu, ile kugonga na kusikiliza, ilikuwa ni uhakiki wa sanaa ingawa hakuna aliyeuita hivo.

Wanigeria angalau walifanya jambo moja. Noti yao ya naira 20, upande wa nyuma, yupo Ladi Kwali na chungu chake. Mtu ananunua karanga barabarani anatoa picha ya mfinyanzi mfukoni. Nikiwaza noti zetu, mara simba mara tembo, sina ugomvi na tembo, lakini natamani siku moja nione mikono ya mama yenye udongo.

Nasi hatuhitaji kusubiri noti. Ninachotaka ni kidogo tena kinawezekana: mama mfinyanzi aitwe chuoni afundishe na alipwe kama mwalimu, sio aitwe siku ya maonyesho akae chini kwenye mkeka wageni wapige naye picha alafu apewe soda. Mwanafunzi wa sanaa akae naye miezi, abebe udongo naye, achome naye, vyungu vimpasukie. Odundo alikuwa tayari yuko chuo kikubwa Uingereza na bado aliona hiyo ndo shule aliyoikosa. Na anayeuza vyungu mjini, awe wa duka au wa hoteli, aandike jina la aliyefinyanga kwenye karatasi ya bei. Gharama yake ni kalamu.

Desemba iliyopita nilishuka Matema na wanangu. Bibi hayupo tena. Nikachagua chungu cha wastani, cheupe cheupe chenye mistari myekundu shingoni, nikakigonga, kikalia. Nikamuuliza mama aliyekaa nacho, mama shikamoo, hiki umekifinyanga wewe? Akasema marahaba mwanangu, hapana, ni cha dada yangu, yeye miguu inamsumbua siku hizi hapandi mtumbwi. Nikamuuliza dada anaitwa nani. Akanitazama kwanza, alafu akacheka, akasema tangu nianze kuuza hapa hajawahi kuniuliza mtu hilo, akanitajia jina lote, la kwake na la baba yake. Hapa silitaji maana sikuomba ruhusa ya kulitangaza. Ila nyumbani nilikigeuza chungu, nikachukua msumari, nikalichora jina pale kwenye kitako polepole nisije nikakipasua, na mwaka chini yake. Mwanangu mdogo alikuwa ananishikia shingo.