Dar inakunywa, Uluguru inalima

Mwishoni mwa 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mto Ruvu ulikuwa umenywea, vuli imechelewa, na madumu yakapanga foleni hata kwenye mitaa iliyozoea bomba lisilobembelezwa. Lawama nazo zikaanza kupanda mto. Zikawapata kwanza wanaomwagilia kandokando ya Ruvu, zikawapata wafugaji, zikaishia kule juu kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mto unakoanzia, kwa Waluguru wanaolima miteremko mikali mpaka kwenye ukingo wa msitu.

Lawama hizo hazikutoka hewani. Anayepita Matombo, kwenye miteremko hiyo, mvua za kwanza zinapoanza, baada ya mashamba kuchomwa moto kiangazi, ataona vijito vinashuka na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Ule ni udongo wa juu, ndio unaolisha mahindi, unasafiri kuelekea mitambo ya kusafishia maji. Msitu wa kileleni unalindwa: tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, hekta elfu ishirini na nne na ushei. Lakini mpaka wa hifadhi umebana sehemu za juu. Chini yake, kwenye vilima na mabonde wanakoishi watu, mlima umeachiwa jembe la mkono na kiberiti. Mhifadhi anayesema hali hii haiwezi kuendelea yuko sahihi, na sioni haja ya kumung'unya maneno hapo.

Pa kubishana ni dawa anayoiandika. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au kingo za mto. Ukiwa Dar unaisoma na kutikisa kichwa kukubali. Sasa ipeleke Kibungo Juu, huko huko Uluguru. Chukua bonde lenye vijito viwili vilivyoachana mita 150, upime 60 huku na 60 kule. Mwenye shamba katikati anabakiwa na kipande cha mita 30, tena mgongoni, kwenye mawe. Magimbi na migomba yake iko chini penye unyevu, yaani ndani ya zile 60. Ukimwambia atii sheria, umemwambia ahame, ila kwa lugha ya upole.

Halafu kuna kumbukumbu. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kila kaya kwa kipimo chake. Watu wale hawakuwa wajinga wa mteremko. Walikuwa na ngazi zao za asili, za kukwangua magugu na kuyafukia mstari kwa mstari yaoze. Matuta ya bwana shamba yalichimba kwa kina, yakafukua udongo mfu wa chini na kuulaza juu, na mavuno yakashuka. Mwaka 1955 hasira zikapasuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, mpango ukavunjwa. Ndiyo maana neno "matuta" likitamkwa na mgeni aliyeshuka kwenye gari la mradi, wazee hutazamana kwanza.

Cha kushangaza, nusu karne baadaye matuta yalirudi na watu wakayachimba. Mashirika ya CARE na WWF yalileta Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima kwa kutunza maji: aliyepanda miti, aliyechimba matuta au fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), alipimiwa eneo na kulipwa. Waliotoa fedha ni pamoja na DAWASCO, waliokuwa wakisambaza maji Dar wakati huo, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayekunywa amchangie anayetunza. Kwangu mimi hakuna hoja ya haki zaidi ya hiyo katika mjadala huu wote.

Tatizo liko kwenye hesabu. Kuchimba matuta kwenye mteremko ule ni kazi ya kuvunja mgongo kwa wiki nyingi, na malipo yalikuwa madogo yasiyofikia thamani ya jasho lile. Wachache wenye nguvu kazi nyumbani waliweza. Mjane mwenye watoto wadogo aliweza vipi? Na mnunuzi wa maji naye ana haki ya kuuliza kama mashamba ya vijiji vichache yamepunguza tope kwenye mto mkubwa kama Ruvu. Kwa eneo dogo kiasi kile, jibu la kumridhisha ni gumu kupatikana.

Mimi naona fedha ile ililipia kitu kisicho sahihi. Ukitembea Kinole au Matombo, mashamba yanayoshika udongo bila kusimamiwa na mtu ni yale yenye migomba, mdalasini, pilipili manga iliyopanda miti, na mikarafuu. Hakuna aliyelipwa posho kuyatunza. Yanatunzwa kwa sababu yana bei. Lakini mkarafuu hukaa miaka sita, saba hivi kabla ya kukupa cha kupeleka sokoni. Kaya inayokula mahindi ya mteremko ule ule haiwezi kusubiri. Hiyo miaka ya kusubiri ndiyo ya kulipiwa, kwa shilingi chache kutoka kwenye kila bili ya maji ya Dar, badala ya kumlipa mtu kwa kila mita ya tuta.

Naujua mtego wake. Usambara Mashariki iliki ilisifiwa hivi hivi, kwamba inakaa kivulini na msitu unabaki. Watu wakafyeka miche ya chini ili iliki ipate nafasi, miti mikubwa ikazeeka bila warithi, udongo ukachoka, wakasogea mbele msituni. Zao lenye bei nzuri linaweza kuula msitu haraka kuliko njaa. Kwa hiyo mikarafuu iwe kwenye mashamba yaliyokwisha kufyekwa, na mpaka wa hifadhi ubaki ulipo.

Kigingi kikubwa zaidi wanamradi wengi hukigundua wakiwa wamekwisha kugawa miche. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mtu anaweza kulima miaka ishirini shamba la ukoo wa baba yake, au aliloazimwa, bila ugomvi, ilimradi apande mahindi na mihogo. Siku akichomeka mti wa kudumu, wazee wa ukoo wenye ardhi wanakuja kuuliza ana nia gani, maana mti ni madai. Miche inayokauka nyuma ya nyumba mara nyingi haikukosa maji, ilikosa ruhusa. Kikao cha ukoo kinachoandika kwenye karatasi kwamba fulani atavuna karafuu zake na ardhi itabaki ya ukoo kingefanya kazi kuliko semina kumi za uhifadhi, na gharama yake ni kreti mbili za soda.

Wakati huo huo, bwawa la Kidunda linajengwa kwenye Ruvu, la lita bilioni 190, ili mgao ule usirudi. Mto Mfizigo unaotoka Kibungo Juu unaingia Ruvu juu ya bwawa hilo. Udongo wa Uluguru uliokuwa ukipita kwenda baharini utakuwa na mahali pa kutulia.