Si Kila Chuma Hubeba Baruti Ileile

Mjomba wangu wa Nachingwea hushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umebaki na gumba na kidole cha mwisho. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni mashine ya kukoboa. Ukweli aliniambia mwenyewe nikiwa mtu mzima, tumekaa chini ya mkorosho msimu wa kuokota korosho. "Mpwa wangu, lilikuwa gobore. Nilitia baruti ya risasi za kisasa."

Nguruwe walikuwa wanamaliza mihogo. Mtu akampatia risasi chache za raifo, akazifungua, akamwaga unga wake kwenye mtutu ambao fundi wa kijijini aliuchonga kutoka bomba la chuma, kisha akashindilia kwa kipimo kilekile alichozoea. Alipofyatua, mtutu ulipasuka ubavuni.

Nimeamua kulisema hili kwa sababu wapo vijana wetu, Lindi na Mtwara, wanaoniuliza: mbona Wamarekani wanajaza baruti kwenye maganda ya risasi wenyewe nyumbani, wanaongeza nguvu, na bastola zao kubwa hazipasuki? Swali ni zuri na lina jibu, na jibu lenyewe ndilo linalomhukumu yeyote anayecheza na gobore.

Chukua risasi ya bastola iitwayo .45 Colt, iliyoanza kutumika mwaka 1873. Ilibuniwa kwa baruti nyeusi, ile ya makaa, kiberiti na shura. Hadi leo kiwango cha juu cha mgandamizo wake, kwa kanuni za watengenezaji wa Marekani, ni pauni 14,000 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi, nasi tumeona linavyomrusha fundi likipasuka gereji. Hizo 14,000 ndizo zinazoitwa kidogo. Risasi ya .44 Magnum, iliyotoka mwaka 1955, inaruhusiwa kufika 36,000, na .454 Casull hufika 65,000.

Sasa hiyo .45 Colt kongwe hutengenezewa pia bastola nzito, kama Ruger Blackhawk, yenye silinda nene, ile duara inayobeba risasi, na chuma kilichopikwa vizuri. Kwa bastola kama hiyo, vitabu vya vipimo vya ujazaji huweka ukurasa wa peke yake, wenye risasi za mgandamizo mkubwa kuliko ule wa kawaida, na juu yake huandikwa wazi ni bastola zipi tu zinazoruhusiwa. Ukiichukua risasi hiyohiyo ukaitia kwenye bastola ya Colt ya zamani yenye kuta nyembamba, itaingia bila shida. Hapo ndipo hatari ilipo: ganda ni lile lile, tundu ni lile lile, chuma ndicho tofauti. Waliobuni .454 Casull walilijua hilo, wakarefusha ganda kwa takriban sehemu moja ya kumi ya inchi ili lisiingie kabisa kwenye bastola za .45 Colt. Elmer Keith, mpigaji aliyejulikana mno Marekani, alipasua Colt yake ya .45 mwaka 1925 kwa kutafuta nguvu zaidi. Alikuwa mtu mwenye ujuzi, na chuma hakikumjali.

Halafu kuna suala la baruti yenyewe, na hapa naomba msomaji asome polepole. Baruti nyeusi hujaza nafasi. Ganda likijaa, limejaa, huwezi kuongeza. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, yenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huzidisha mgandamizo, na mgandamizo huzidisha kasi tena. Kipimo chake halali kinaweza kukaa chini kabisa ya ganda refu la .45, hivyo ukitia mara mbili kwa kusahau, nje hakuna kinachoonyesha. Ndiyo maana mjazaji makini humulika kila ganda kwa tochi kabla ya kufunga kichwa cha risasi, huweka kopo moja tu la baruti mezani, huhakiki mizani yake kwa mawe ya kupimia, huanzia kipimo cha chini kilichoandikwa na kupanda kidogo kidogo. Risasi kali huzifungia boksi lake na kuliandika. Wala hangoji bastola imwambie. Ganda linapoanza kung'ang'ania kwenye silinda, mara nyingi mpaka umeshavukwa zamani.

Mjomba hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na kiganja cha kupimia, bomba lisilojulikana chuma chake, na baruti ambayo hata Ruger mpya haitiliwi kwa kukisia.

Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki silaha wala kutengeneza risasi bila kibali, nami naiunga mkono. Lakini silaumu wakulima peke yao. Liwale na Nachingwea tembo na nguruwe ni habari ya kila msimu, na mtu anayelala shambani kulinda chakula cha watoto hatatupa gobore kwa kutishwa na jela tu. Maofisa wanyamapori na polisi wakija kwenye mikutano ya vijiji, waeleze pia baruti inavyofanya kazi. Walete mtutu uliopasuka, uzungushwe mkono kwa mkono. Na wanyama waharibifu wakiripotiwa, askari wafike usiku huohuo, si baada ya shamba kuisha.

Mtutu wa mjomba tuliupeleka wenyewe kituoni, mimi na mwenyekiti wa kijiji, serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha. Askari aliyeupokea aliingiza kidole chake kwenye ule ufa, kikapita chote. Akauliza mwenye mali yuko wapi. Mjomba akainua mkono wa kulia.