Mankozebu: viazi vya Uporoto si nyanya za Ilula

Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha kibali cha mankozebu, dawa ya ukungu, kwa kuwa inadhuru uzazi na kuvuruga homoni. Je, nasi Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tuiache?

Mankozebu hutokana na kaboni disulfidi na ethilinidiamini, kisha huongezwa manganisi na zinki. Ina salfa, ila si ile ya kupuliza kwenye mikorosho. Salfa ya mankozebu imefungamana na kaboni, na dawa ikivunjika huzaa ethilinithiourea, kemikali inayodhuru tezi ya thairoidi.

Anayelima viazi Uporoto au Makete anajua baridi na unyevu vikikutana, ukungu unaweza kuunguza shamba zima ndani ya siku chache. Mankozebu huushambulia ukungu sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana usugu dhidi yake haujawa tatizo tangu miaka ya 1960. Metalaksili, dawa nyingine ya ukungu inayopenya ndani ya mmea, ilikutana na ukungu sugu huko Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu ili ilindwe. Ukiiondoa mankozebu leo, hata hiyo metalaksili haitadumu. Kwangu hoja hii ni nzito.

Lakini mankozebu hukaa juu ya jani tu. Mvua ikiiosha, unapiga tena, na mvua za huku hazikatiki kirahisi. Kijana mwenye bomba mgongoni, asiye na glavu wala barakoa, hukutana nayo upya kila anapochanganya. Anayeumia kwanza ni yeye, kabla ya mlaji.

Kwenye viazi, dawa hubaki kwenye majani huku kiazi kikiwa chini ya udongo. Nyanya za Ilula hupigwa kwenye ganda lenyewe tunalokula, na mabaki yakichemshwa jikoni huzaa ethilinithiourea zaidi. Kuyapima mazao haya kwa kipimo kimoja ni kosa.

Kwa hiyo ningeruhusu iendelee kutumika kwenye viazi kwa sasa, kwa sharti kwamba duka la pembejeo lisitoe pakiti bila glavu na barakoa. Kwenye nyanya ningeibana mapema, kuanzia na wanaochuma kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo. Mbegu za viazi zinazostahimili ukungu, kama Sherekea, zingepunguza mizunguko ya kupiga dawa, ila mkulima hupanda kiazi ambacho mwenye lori atakinunua, na mazungumzo na wanunuzi hao hayawezi kusubiri marufuku.